Gari Nililomchagulia Mdogo Wangu

Nimeendesha magari ya watu kwa miaka ishirini na sita. Yote yalikuwa ya ofisi moja ya serikali hapa Korogwe, na karibu yote yalikuwa pikapu nyeupe za aina moja. Moja ilipochoka ililetwa nyingine kama hiyo, na mimi nikahamisha kitambaa changu cha kufutia vumbi kutoka mlango wa ile ya zamani kwenda mlango wa ile mpya. Gari langu mwenyewe sijawahi kuwa nalo. Naishi Kilole, na kazini nilikuwa nakwenda kwa baiskeli.

Kwetu ni Kwaluguru, upande wa Handeni. Tulizaliwa wawili tu wa kiume. Mdogo wangu aliishia darasa la saba, akabaki na jembe la baba. Mimi nikapata leseni na kazi ya mjini. Nilipopita kijijini kikazi na ile pikapu, alikuwa anaacha shamba anakuja mbio na ndoo ya maji kunioshea gari. Alilisugua mpaka ndani ya ringi za matairi. Watu walisimama wakitazama, naye akawaambia, "Kaka yangu huyu, hakuna gari asilolijua." Sitadanganya. Niliyapenda maneno hayo kuliko mshahara.

Basi siku moja akanipigia simu. Ufuta ulikuwa umekubali miaka mitatu mfululizo, naye alikuwa amelima eka nyingi kuliko nilivyokuwa najua.

"Kaka, nataka kununua gari," akasema. "Jipya kabisa, halijakaliwa na mtu. Nimechoka kukodi mabovu ya watu yananilalia njiani na mzigo. Nataka linalovumilia, na siku nikitaka kuliuza lisinitie hasara. Mimi sijui chochote. Utakalosema wewe ndilo."

Nikamwambia hongera. Nilisema vizuri kabisa, na sauti yangu haikutetemeka. Lakini nilipokata simu nilihisi kitu kama kaa la moto chini ya kitovu. Mke wangu aliposikia habari akapiga kigelegele pale pale jikoni. Usiku huo nilimgombeza kwamba mboga imezidi chumvi. Haikuzidi.

Jumamosi nikaenda Kwaluguru tuzungumze. Nyumba ya mama ilikuwa imeezekwa upya, bati zinametameta hadi unafumba macho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hata hakuniuliza habari za watoto.

"Umesikia mdogo wako ananunua gari?" akasema. "Atanipeleka hospitali na mguu wangu huu. Amesema nitapanda mbele."

Sijui kama mama alijua maneno hayo yananigusa wapi. Miaka mingi nyuma nilimkuta barabarani, amejitwika kikapu anaelekea Handeni kwa miguu, nami niko na bosi kwenye gari. Bosi wangu hakupenda abiria. Nilipunguza mwendo, nikapiga honi kidogo kama salamu, nikapita. Vumbi lilimfunika. Hajawahi kulitaja jambo hilo hata siku moja, na mimi pia sijawahi kulitaja. Sasa mdogo wangu, ambaye hajui hata klachi iko wapi, ndiye angempandisha mbele.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ni mwanamke wa maneno machache. Alituletea chai, akakaa, akauliza maswali matatu. Likiharibika, fundi wa Handeni analijua? Spea zake zinapatikana wapi? Na wakitaka kuliuza, nani atalinunua?

Majibu yote matatu nilikuwa nayo mdomoni. Ni ile pikapu nyeupe. Fundi yeyote wa Handeni anafungua boksi lake la gia huku anapiga soga. Spea zake zimejaa katika duka la Mhindi pale Korogwe, kuanzia shokapu hadi kioo cha taa, na asipokuwa nazo leo, kesho zinafika na basi. Na kuiuza? Hiyo hata ikiwa imepondeka bampa, ukiisimamisha barabarani asubuhi na karatasi kiooni, jioni watu wanagombana. Haishuki bei kwa sababu kila mtu anajua kesho ataiuza na yeye. Nilijua hayo kama ninavyolijua jina langu.

"Tutaona hukohuko Dar," nikasema.

Tukaenda watatu. Yadi ya kwanza ya magari ilikuwa na pikapu yenyewe, nyeupe, viti bado viko ndani ya nailoni. Mdogo wangu aliizunguka mara mbili. Halafu akaweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama mtu anavyomshika ng'ombe asimshtue. Akaniangalia akitabasamu.

"Si ndiyo kama ile yako, kaka?"

Ndiyo ilikuwa kama ile yangu, isipokuwa ile haikuwa yangu hata siku moja. Nilimwona tayari yuko ndani yake, kiwiko dirishani, anapita Kilole mbele ya majirani wanaonifahamu. Nilimwona anaingia kijijini na hakuna wa kumwambia bosi hapendi abiria. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimeishika funguo ile kila asubuhi na kuirudisha kila jioni, naye angeiweka mfukoni na kulala nayo. Sikuweza. Kweli kabisa, mwili wangu ulikataa.

"Hii imepitwa na wakati," nikasikia mdomo wangu ukisema. "Wanaiuza ghali kwa jina tu. Njoo nikuonyeshe gari."

Nikawapeleka yadi nyingine. Huko kulikuwa na pikapu ya aina iliyokuwa imeingia nchini juzijuzi tu. Ilikuwa na rangi ya damu ya mzee, kioo kikubwa cha kugusa mbele, viti vya ngozi, na taa zilizowaka zenyewe ukikaribia. Mimi ni dereva. Nilijua hakuna fundi mmoja kati ya Segera na Handeni aliyewahi kuona injini yake. Muuzaji akamwita mdogo wangu bosi, akampa soda baridi, akamkalisha nyuma ya usukani. Mdogo wangu alicheka kama mtoto taa zilipowaka.

Shemeji hakukaa popote. Akanisogelea.

"Shemeji, hili likiharibika, fundi wa Handeni analijua?"

"Fundi ni fundi," nikamjibu. "Gari ni gari. Yote yana magurudumu manne."

Akanipa mgongo. Kisha akamwambia mumewe wafikirie kwanza, warudi wiki ijayo. Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Kaka akishasema, yamekwisha."

Niliendesha mimi kurudi. Lilikuwa gari zuri kuliendesha, na hilo liliniuma zaidi. Chalinze tulinunua maji, Mkata tukakunja kuelekea Handeni, na njia nzima mdogo wangu alikuwa anaupapasa mlango. Tulipofika kijijini walipiga vigelegele. Mama alipandishwa mbele akazungushwa mpaka kisimani na kurudi, kanga mpya kichwani, mkono nje. Mimi nilibaki nimesimama uani na begi langu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimefika Kwaluguru na gari halafu hakuna aliyeniamkia.

Mtu angedhani baada ya hapo nilitulia, kwa kuwa nilikuwa nimeshamfanyia nilichomfanyia. Sikutulia. Gari lile halikuharibika. Mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, linakwenda kama maji. Mdogo wangu akaanza kulitumia kwa biashara, anapanda mlimani Dindira kuchukua maharage, anashuka kuyauza Korogwe, na kila akipita lazima asimame kwangu. Analeta kiroba cha mahindi, boga, mkungu wa ndizi za mlimani. Ananirushia funguo: "Zunguka nalo kidogo, kaka, najua umelimisi." Majirani wakawa wananiambia, "Mdogo wako Mungu amempa." Nikawa naitikia amina.

Akishaondoka, nilikuwa na tabia ambayo mke wangu hakuijua. Nilikwenda pale alipoegesha nikainama kuangalia chini, kama kuna tone la oili. Nilipitisha hata kidole kwenye mchanga. Mtu mzima, nina wajukuu, nimechutama nje ya nyumba yangu natafuta oili ya gari la ndugu yangu, na mchanga ni mkavu. Narudi ndani nikiwa na hasira na mchanga.

Mwaka wa pili, masika, alipiga simu saa nane mchana. Mvua ilikuwa inasikika nyuma ya sauti yake. Alikuwa anateremka kutoka Dindira na magunia ya maharage, gari likagoma kuingiza gia katikati ya kona. Alikuwa amelizuia na mawe. Nikaenda na fundi wa Korogwe ninayemwamini, tukalikokota hadi gereji. Fundi akalala chini yake muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono, akaniambia mimi, si mwenye gari:

"Mzee, kitu hiki sijawahi kukiona. Spea yake labda iagizwe nje."

Niseme nilichohisi. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, ya kutaka kucheka, ikabidi nigeuke nijifanye nakohoa. Mdogo wangu alikuwa amelowa chapachapa, analinda maharage yake yasiote.

Spea ikaagizwa. Ikaletwa isiyo yenyewe, ikarudishwa. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Gari likakaa pale gereji chini ya turubai, nami nilikuwa napita kila siku nikienda kazini. Wiki za kwanza nilipunguza mwendo wa baiskeli nilitazame vizuri.

Halafu mama akaja. Alikuwa na siku yake ya kuonana na daktari Korogwe kwa ajili ya mguu, na hakutaka kumsumbua mtu. Alipanda bodaboda kutoka kijijini hadi barabarani, akasubiri basi, akasimama hadi Segera kwa sababu halikuwa na nafasi. Nilimkuta nikipita pale kutoka kazini, amekaa kwenye benchi nje ya hospitali. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Mguu umevimba hadi ukanda wa kandambili umezama kwenye nyama.

"Mama, kwa nini hukunipigia?"

"Gari la mdogo wako bovu, la kwako huna," akasema, bila ubaya wowote. "Ningekupigia uje na nini?"

Nikaenda nyuma ya ukuta wa hospitali nikasimama huko. Ile furaha ilikwisha siku hiyo. Wivu haukwisha, nisiwadanganye, ila kuanzia hapo haukuwa na utamu.

Spea ilipopatikana mdogo wangu aliamua kuliuza, maana hakuliamini tena. Akaniomba nimsindikize Handeni kwa dalali. Walikuja wanunuzi wanne siku ile. Walifungua milango, wakagusa kile kioo kikubwa, wakauliza hili ni gari gani, na waliposikia jina wakafunga milango taratibu. Wa mwisho alikuwa mfanyabiashara mzee wa ng'ombe. Alilipigapiga ubavuni, akasema:

"Kijana, gari ni zuri, lakini nikilinunua nitazeeka nalo. Nani alikushauri?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nikasubiri mdogo wangu aniangalie. Hakuniangalia.

"Nililipenda mwenyewe, mzee," akasema. "Ni ujinga wangu."

Tukaondoka na gari letu kurudi Korogwe, yeye anaendesha. Tulipita Misima. Yeye akaanza kunifariji mimi, nadhani alidhani nimeona aibu kwa kukosea. "Hata wewe usingejua, kaka. Magari mapya haya kila siku yanabadilika."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua litakuwa hivi. Siku ileile, palepale yadi. Ile nyeupe ndiyo ilikuwa gari. Nilikutoa pale makusudi."

Akaendelea kuendesha. Tulikuwa hatujafika Sindeni. Kulikuwa na watoto wa shule wanavuka, akawasubiri wote wakavuka, kisha akaegesha pembeni na kuzima injini.

"Kwa nini?"

"Ulipoishika boneti. Nilikuona unayo na mimi sina. Sikuweza kuvumilia uwe nayo ileile."

Alikaa na mikono juu ya usukani. Nilitaka atukane. Angetukana ningepata la kujibu.

"Nilikuwa nakuoshea gari," akasema mwishowe. "Nilikuwa naacha palizi." Akafungua kufuli ya mlango wa upande wangu kwa kitufe. "Shuka."

Nikashuka. Akageuza gari, akarudi Handeni. Nilitembea mpaka nikapata bodaboda, na nguo zangu za kazini zilikuwa zimeshikamana na mgongo kwa jasho.

Hatukuongea miezi mitano. Mke wangu aliuliza mbona shemeji yake hapiti tena. Nikamwambia yote, akanyamaza siku mbili naye. Mahindi yalikuwa hayaji tena, na maboga. Nikawa nanunua sokoni kama watu wengine.

Aliyekuja ni shemeji yangu, Jumamosi moja asubuhi, peke yake. Hakukubali chai.

"Mimi nilijua siku ile," akaanza. "Ulivyonijibu kuhusu magurudumu manne, nilijua. Sikusema kwa sababu mume wangu hasikii neno baya juu yako. Ningesema, ningegombana naye bure, na wewe ungebaki mtakatifu."

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Lile gari limeondoka, kwa hasara. Ufuta wa mwaka huu ni mzuri. Tunakwenda kununua jingine wiki ijayo, na wewe utakwenda nasi. Yeye hataki. Mimi ndiye ninayetaka. Utasema ukweli mbele yake, gari moja baada ya jingine, mpaka amalize kuuliza."

Nilikwenda. Safari nzima mdogo wangu alikaa kiti cha mbele cha basi, mimi na shemeji nyuma. Pale yadi aliniuliza maswali kama mtu anavyomuuliza kibarua. Hili je? Nikamwambia: injini nzuri, springi dhaifu, Dindira halitafika na magunia. Hili? Zuri kwa mjini, ukitaka kuliuza utahangaika. Hili? Hili ni la kung'aa tu. Nilijikuta nafungua boneti, nalala chini, namwonyesha chesisi, namweleza kwa nini asichukue viti vya ngozi na kwa nini achukue nyeupe, kwamba nyeupe ndiyo wanunuzi wote wa huku wanaitaka. Kwa masaa mawili nilisema kila nilichokuwa nakijua. Nilikuwa sijawahi kumpa mtu yeyote ujuzi wangu wote.

Tukafika kwenye ile pikapu. Viti kwenye nailoni, kama ile ya kwanza.

"Na hii?"

"Hii," nikasema, na kaa la moto lilikuwa pale pale chini ya kitovu, halijapoa hata kidogo. "Hii ndiyo. Wala usiendelee kutafuta."

Akamwita muuzaji. Boneti hakuigusa. Makaratasi yalipokamilika nilinyoosha mkono kupokea funguo, kwa mazoea, na yeye akanipita akakaa mwenyewe kwenye usukani. Nilikaa nyuma hadi Handeni. Anaendesha vizuri. Kwenye kona anachelewa kidogo kupunguza gia, na nilinyamaza.

Gari hilo sasa lina miaka mitatu. Wiki iliyopita mtu alimsimamisha Korogwe akataka kulinunua, akataja bei iliyonifanya niangalie pembeni. Ameshaanza tena kupita Kilole, na ameanza tena kuniita kaka. Nikiliona limeegeshwa nje ya kwangu, kitu kile bado kinainuka, nami nakiacha kiinuke na kushuka bila kutoka ndani.

Juzi aliniuliza kuhusu matairi, achukue ya aina gani kwa njia ya mlimani. Nikamweleza vizuri, na sababu zake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Kisha akatoa simu mfukoni, mbele yangu, akampigia fundi wa Handeni kumuuliza swali lilelile.